Kitanda Kilichoshinda Zawadi

Mabinti wawili waliochukua funguo zangu za hosteli wameniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye mwongozo wa kazi. Mwongozo wenyewe nimewaachia kwenye droo ya juu. Unaeleza vizuri sana namna ya kuhesabu magodoro, wala haumtaji hata mara moja msichana anayelia. Kwa hivyo naandika. Habari za vyeo sitaziweka, kwa sababu niliingia matroni msaidizi nikatoka matroni, na tofauti ya vyeo hivyo viwili ilikuwa kiti chenye magurudumu, moja halizunguki.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, Shela. Kabla ya chuo nilikuwa mtandika vitanda katika hoteli ya watalii. Watalii walipopungua hoteli ikafungwa, nami nikasikia kuwa kuna chuo kidogo nje ya mji wa Kilifi kinatafuta mwanamke wa kusaidia kwenye hosteli ya wasichana. Nikajiambia, kitanda ni kitanda.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa siku moja kabla ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuwasili. Nikaambiwa niandae vyumba, nami nikaviandaa kama nilivyofunzwa hotelini. Nilinyoosha shuka hadi zikawa kama kioo. Kisha, kwa kuwa taulo hazikuwepo, nikachukua foronya nikazikunja umbo la bata wa shingo ndefu, bata mmoja kila kitanda. Nilipofika chumba cha sita akaingia matroni mkuu, Mama Dama, Mgiriama wa Kaloleni, mfupi, mwenye sauti nzito, funguo kazifunga kwenye pindo la leso.

"Rukia, hawa ni nini?"

"Mabata, Mama Dama."

"Wanafanya nini hapa?"

"Wanawakaribisha wageni."

Akaketi kitandani, akamchukua bata mmoja, akamkunjua polepole mpaka akarudi kuwa foronya. "Sikiza, mwanangu. Mgeni huja, akala, akaondoka Jumapili. Hawa watakaa miaka minne, na wiki hii ya kwanza kila mmoja wao atataka kwenda kwao. Wewe hukuajiriwa kuwakaribisha. Umeajiriwa kuwazuia wasiondoke mpaka wenyewe wasahau kuwa walitaka kuondoka. Haya, fungua mabata."

Nikafungua mabata ya vyumba sita.

Kesho yake ndipo nilipoona kuwa wazazi ndio wanaohitaji matroni zaidi. Mama mmoja alimletea bintiye kuku wawili hai ili asikose mboga. Mama Dama aliwapokea kwa heshima zote, akawafuga nyuma ya stoo, nasi tukala mayai muhula mzima. Baba mwingine alikagua komeo la mlango, akakagua la dirisha, kisha akajilaza kitandani kulipima godoro, akapitiwa na usingizi. Bintiye alikaa kwenye kiti akimtazama, asijue amwamshe au aanze maisha ya chuo kikuu. Tulimwamsha saa kumi alasiri. Alisema godoro ni zuri.

Mama Dama alinifunza kazi kwa miaka kadhaa, na karibu yote aliyonifunza yalihusu kutouliza. "Ukimwuliza msichana ana nini," alisema, "atakwambia hana kitu, wewe utaandika hana kitu, na nyote wawili mtakuwa mmesema uongo." Yeye alikuwa akimpa kazi ya mikono, na kazi aliyoipenda ilikuwa kukunja shuka zilizotoka kuanikwa. Shuka kubwa haikunjiki vizuri na mtu mmoja. Unampa ncha mbili, wewe unashika mbili, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Hamtazamani sana, mikono ina shughuli, na maneno huanza kutoka. Wengi husema wakifika shuka ya tatu au ya nne. Palikuwa na msichana mmoja wa sayansi aliyechukua shuka kumi na saba, na alipofunguka ikawa tu hapendi maharagwe. Lakini hata huyo alilala vizuri siku ile.

Alinifunza pia kutazama ndara mlangoni. Ndara zinasema. Zilizolowa asubuhi zina mtu aliyeoga, akajiandaa, akatoka. Zilizogeukiana vidole zina mtu aliyejitupa kitandani bila kufikiri. Na zilizo kavu siku tatu, alisema, gonga huo mlango hata kama kuna nyimbo ndani.

Baadaye chuo kilituletea mshauri wa wanafunzi, kijana mpole mwenye shahada na fomu. Fomu ilimwuliza kila mwanafunzi anajisikiaje, aandike kati ya moja na kumi. Karibu wote waliandika saba. Mshauri akafurahi, akaja kunionyesha. "Bi Rukia, wako vizuri hawa." Nikamwuliza, "Na wewe ungeandika ngapi?" Akafikiri kidogo. "Saba," akasema, kisha akaitazama ile fomu kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo tulielewana sana, naye alikuwa akija kukunja shuka siku za Jumatano.

Mama Dama alipostaafu akarudi Kaloleni, funguo zikaja kwangu. Sasa nawaeleza kosa langu kubwa, maana nyinyi wawili mmelisikia kwa watu, na watu wameliongezea chumvi.

Nilianzisha mashindano ya kitanda safi. Usafi ulikuwa umenishinda, maji yalikuwa ya kubahatisha, na nilidhani zawadi itasaidia. Kwa wiki tano tangu chuo kifunguliwe nilipita vyumbani kila asubuhi na daftari. Mshindi alijulikana tangu wiki ya kwanza, wala hapakuwa na ushindani: kitanda cha juu, upande wa dirisha, chumba cha kumi na mbili. Shuka haikuwa na mkunjo. Mto haukuwa na shimo la kichwa. Nilisimama mbele ya kitanda kile nikiwa na machozi ya furaha, wallahi, nikikumbuka hoteli. Mwenyewe alikuwa Sidi, msichana wa Muyeye, mkimya, mwaka wa kwanza. Kila jioni kabla ya lango kufungwa alitia sahihi kwenye daftari langu, akinisalimu shikamoo kwa adabu. Asubuhi nilimkuta foleni ya pasi, wa kwanza. Ndara zake zilikuwa mlangoni, kavu kila siku. Nikajiambia huyu ni msichana asiyemwaga maji ovyo.

Jumamosi alasiri nikawakusanya wote kwenye ukumbi wa hosteli. Zawadi ilikuwa beseni jekundu na mche wa sabuni. Nikatoa hotuba. Nilisema kitanda cha mtu ni kioo cha nafsi yake. Nilisema mengi ambayo sasa ningelipa nisiyakumbuke. Nikamwita Sidi mbele. Alikuja kama mtu aliyeitwa na askari. Nikampa beseni, nikasema, "Wasichana, mtazameni mwenzenu! Nani atatuambia siri ya kulala bila kukunja shuka?"

Sauti ikatoka nyuma: "Siri ni kutolala, Bi Rukia! Kipe zawadi kitanda chenyewe, yeye hajakilalia tangu wiki ya kwanza!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi pia nilianza kucheka, kwa sababu nilidhani ni mzaha. Kisha nikamtazama Sidi. Aliliweka beseni chini polepole, kama limejaa maji, akatoka nje.

Jumapili asubuhi nilikuta ufunguo wa chumba mezani kwangu, umewekwa juu ya kikaratasi. "Shikamoo Bi Rukia. Naacha chuo. Tafadhali usimwambie mamangu, nitamwambia mwenyewe. Ahsante kwa beseni."

Nikampigia simu Mama Dama. Nilimsikia akifukuza mbuzi upande wa pili, akinisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki tano umekuwa ukikitazama kitanda," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na ndara?"

"Zilikuwa kavu, Mama."

Akamkemea mbuzi mmoja. Kisha akasema, "Basi mimi nimefanya kazi ya bure. Nenda kamtafute mtoto wa watu," akakata.

Nikapanda chumba cha kumi na mbili. Walikuwa watatu, wamekaa kwenye vitanda vyao kama wanaongojea matokeo. Nikawauliza mmemfanyia nini mwenzenu. Hatujafanya kitu, wakasema, wote kwa pamoja. Nikaona nimesahau hata somo la kwanza. Nikaenda stoo, nikarudi na shuka, nikamkabidhi ncha mbili yule aliyekuwa karibu na mlango, Halima, binti wa wenye maduka Malindi, mwenye sauti nzuri na kucha zilizopakwa hina. Wengine wawili wakajitolea haraka kwenda kuteka maji.

Ilikuwa shuka ya pili. Tulipokutana katikati, Halima hakuachia. Alibaki ameshika ncha zake zikigusana na zangu, machozi yakimdondoka kwenye kitambaa.

"Anaota kwa sauti, Bi Rukia."

"Sidi?"

"Usiku wa kwanza. Sote tumelala, mara tukasikia mtu anaita: 'Karibuni viazi karai! Vya moto! Ukwaju uko, pilipili iko!' Tukawasha taa. Yeye yuko usingizini, mkono mmoja unageuza viazi hewani. Nikamrekodi kwa simu. Nikaituma kwenye kundi la chumba."

"Na yeye yumo kwenye kundi."

"Yumo." Akajifuta kwa shuka yangu safi. "Asubuhi tukamwambia atupe viwili vya moto. Mzaha tu. Tukawa tunamwita Viazi. Jioni hakulala hapa, wala ya pili yake. Anatia sahihi kwako, kisha anatoka. Ana binamu yake hoteli ya Bofa, kwa dobi."

"Na wiki tano zote hamkuniambia."

"Ulikuwa unakisifu kitanda, Bi Rukia. Tuliogopa kukuharibia."

Niliiweka shuka kitandani. Kisha nikamwambia avae buibui lake twende.

Tulipanda tuktuk hadi Bofa. Hoteli sitaitaja. Mlinzi wa geti la wafanyakazi alikuwa ananifahamu kwa shemeji yangu, akaniruhusu mimi peke yangu, Halima akabaki kwenye tuktuk akila kucha. Chumba cha dobi nilikijua kwa harufu kabla sijakiona. Binamu yake Sidi, Kadzo, alinitazama mara moja akadhani mimi ni mkaguzi.

"Mimi sina mgeni, mama," akasema, hata kabla ya salamu.

Nyuma yake, kwenye lundo la shuka nyeupe, alikuwa Sidi, mkoba wake wa safari umefungwa pembeni. Alikuwa amelala chumba cha Kadzo wiki tano, wawili kitanda kimoja, na bosi wa Kadzo angejua, Kadzo angekuwa njiani kurudi kwao siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, Bi Rukia," Sidi akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu." Nilitaka kumwuliza ana nini. Neno lilikuwa ulimini kabisa. Badala yake nikashika ncha mbili za shuka aliyokuwa akihangaika nayo. Akashika mbili. Tukavuta.

Shuka za hoteli ni nzito, zinahitaji watu wenye mikono. Tulikunja nne bila neno, Kadzo akitazama mlango. Kwenye ya tano Sidi akasema, "Kwetu tunalala watano chumba kimoja. Mimi nikiota naita viazi, nyanya yangu huitikia akiwa usingizini, 'Nipe viwili.' Tunaendelea kulala. Hapa niliita, wakawasha taa."

Nikavuta ncha zangu, nisije nikacheka mahali pasipofaa.

"Mamangu anauza viazi karai pale Muyeye," akaendelea. "Mimi nimemsaidia tangu nikiwa mdogo, jioni zote. Nilipofika hapa wakaniuliza mamako anafanya kazi gani, nikasema ana biashara ya vyakula. Si uongo, Bi Rukia."

"Si uongo."

"Lakini nilisema kama vile ana hoteli." Tukakutana katikati. Akaitazama shuka, hakunitazama mimi. "Usiku huo huo mdomo wangu mwenyewe ukanisaliti. Na kinachoniuma si wao kucheka. Kinachoniuma ni mimi kumwonea haya mamangu, siku ya kwanza tu. Sasa nitasomaje na haya ile?"

Nilimwambia lile nililokuwa nalo. "Mimi nilitandika vitanda vya watu miaka mingi hata nikajifunza kutazama shuka, nisimwone mtu. Nilikusimamisha mbele za watu nikakusifia kutokuwepo kwako. Nisamehe, mwanangu."

Aliinamia shuka nyingine, akanipa ncha mbili bila mimi kuomba.

Nikamwomba Kadzo amwite Halima. Kadzo alisema hapana, kisha akasema dakika tano, kisha akaenda mwenyewe kumchukua, kwa kuwa yeye pia alitaka kitanda chake. Halima akaingia, akasimama kati ya mashine mbili.

"Sidi, nisamehe."

Sidi akaendelea kukunja.

"Usiku ule nilikuwa sijalala," Halima akasema. "Nilikuwa nalia chini ya shuka tangu taa kuzimwa. Sijawahi kulala mbali na mamangu hata siku moja. Nilikuwa nimeshaamua asubuhi nampigia baba anichukue. Mara nikakusikia unauza. Nikacheka, nikacheka mpaka kilio kikaisha. Ndiyo maana nikarekodi. Wewe ulipoondoka nikawa naisikiliza kila usiku kwenye simu ndipo nilale."

Sidi akasimama. "Ungeniamsha ukaniambia unalia."

"Ningekuamsha, nani angeuza?"

Kadzo ndiye aliyeanza kucheka, pale mlangoni, akajiziba mdomo kwa aproni. Sidi alijitahidi. Alikunja shuka nzima peke yake, vibaya kabisa, akaiweka juu ya lundo. "Ile rekodi utaifuta," akasema.

"Naifuta sasa hivi."

"Na kitanda cha chini ni changu. Juu naogopa kuanguka, nikigeuza viazi."

Halima, ambaye alikuwa amekishika kitanda cha chini kwa ncha za kucha tangu siku ya kwanza, akameza mate. "Kichukue."

Tulirudi chuoni watatu kwenye tuktuk, mkoba wa Sidi ukiwa mapajani mwangu. Dereva aliuliza tunatoka wapi. Nikamwambia tunatoka kazini.

Jumamosi iliyofuata Sidi alimwita mamake mwenyewe. Alikuja mwanamke mrefu, ana leso mbili na ndoo yenye kifuniko, na harufu ilipanda ngazi kabla yake. Nilikuwa nimesimama pale Sidi alipowageukia wenzake. Alisema kwa sauti ambayo korido nzima ilisikia: "Huyu ni mamangu. Anauza viazi karai Muyeye." Mama yake akashangaa. "Sasa hilo ni la kutangaza?" akasema, akafunua ndoo. Viazi vilikwisha kabla ya mimi kupata sahani. Akaniuliza pembeni, "Bi Rukia, mbona hawa watoto wananitazama kama wananijua?" Nikamwambia wanapenda sana ukwaju.

Sasa nyinyi mnaonifuata msidhani kazi iliishia hapo kwa furaha. Wiki nzima, wiki mbili, wiki tatu, Sidi alilala kimya kama jiwe. Wale watatu walikuja ofisini kulalamika. Walisema wanakaa macho wakisubiri. Mmoja aliuliza kama pana dawa. Halima alikuwa na wasiwasi wa kweli: aliogopa kwamba Sidi, hata usingizini, bado anajizuia mbele yao. Mshauri nilipomweleza alisema tungoje, na hakutoa fomu, nami nikamheshimu kwa hilo. Tukangoja. Mitihani ikakaribia, hosteli nzima ikawa na macho mekundu na pasi ikaungua.

Asubuhi moja, saa mbili kasoro, nikasikia miguu inashuka ngazi mbio. Alikuwa Halima, kanga kichwani, kiatu kimoja.

"Bi Rukia! Amesema!"

"Amesema nini?"

"Alikaa kitandani, akafunika sufuria, hivi," akaonyesha kwa mikono miwili, "akasema, 'Vimekwisha. Rudini kesho.' Akalala tena. Na yule wa kitanda cha pili, naye yuko usingizini, Bi Rukia, naapa, akamjibu, 'Haya, kesho.'"

Tukatazamana. Nikamwuliza Sidi yuko wapi sasa.

"Bado kalala."

"Si ana mtihani saa mbili?"

Halima akafungua mdomo. Nikaacha chai yangu mezani, nikakusanya gauni, na nikapanda zile ngazi mbilimbili, mwanamke wa umri wangu, kwenda kumwamsha.